Kipokezi Kilichokataa Kunyamaza

Marcelline Masika alikuwa amefundisha biolojia miaka ishirini na minne katika shule moja ya sekondari kule Ndosho, mtaa wa Goma, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Si kwamba alijua kila kitu. Alikuwa na ujanja wake. Swali likimzidi, aliangua kicheko, akagonga chaki mezani mara mbili na kusema, "Hiyo ni ya mwaka ujao!" Na kwa kuwa mwaka ujao wanafunzi walikuwa wameshasahau, au wameshatoka shuleni, mambo yalipita hivyo hivyo bila mtu kudai jibu.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mnene kiasi, mwenye sauti iliyopenya kuta za mbao mpaka klasi ya tatu kutoka kwake. Alizaliwa Butembo kwa watu wa kahawa, akaja Goma kusoma, akabaki kwa ajili ya Kasereka, mfanyabiashara wa viazi na maharagi anayekwenda Rutshuru na kurudi. Nyumba yao ya kwanza ilifunikwa na lava ya volkano mwaka 2002. Ya pili waliijenga juu ya lava ile ile, kwa mawe yale yale, na mgeni akifika, Marcelline humwambia kwamba yeye sasa anakaa kwenye ghorofa, ila ghorofa ya chini haiingiliki tena.

Shule yake haikuwa na laboratwari. Darubini ilikuwapo moja, lakini kioo chake kilikuwa kimepasuka zamani, na kila ulichokitazama kwa darubini hiyo kilionekana kama nywele. Kwa hiyo Marcelline alifundisha kwa vitu alivyovipata. Leo yai ni seli, kesho chungwa, na siku moja alileta mfuko wa plastiki uliojaa maji na maharagi ambao ulimpasukia juu ya daftari la prefe, mkuu wa shule.

Jumanne moja alikuwa na klasi ya sita, mwaka wa mwisho, wanafunzi thelathini na wanne waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa serikali. Somo lilikuwa jinsi seli inavyopokea habari. Kwenye tablo, ubao wa klasi, aliandika kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa, lakini mambo yalipokuwa magumu alirudi kwenye Kiswahili, kama kila mwalimu wa Goma anavyofanya mlango ukishafungwa.

"Musikie," alisema. "Kipokezi ni protini ndefu, imepenya ngozi ya seli. Mikono yake iko inje, mudomo yake iko ndani. Habari ya kukua inafika, mikono inaishika, mudomo unapiga kelele kule ndani: jigawe, jigawe! Seli inajigawa. Sasa, kama kipokezi kinaendelea kupiga kelele bila kuacha, itakuwa nini?"

"Kansa!" klasi ilijibu.

"Njo maana seli inakimeza. Ngozi inabonyea, kipokezi kinaingia mu kifuko kidogo, tunakiita endosomi. Kisha kinapelekwa mu lizosomi, kinakatwakatwa. Kwisha."

Mkono mmoja ukainuka karibu na dirisha. Ulikuwa wa Christa, msichana mdogo wa umbo ambaye daftari lake lilikuwa na maandishi machache kuliko ya wenzake wote, kwa sababu muda wa kuandika aliutumia kufikiri.

"Madame, wiki ilipita ulituambia kipokezi cha chuma nacho kinamezwa. Kinaingia, kinaacha chuma, kinarudi juu kufanya kazi tena. Na hiki kingine kinaingia, kinavunjwa. Vyote viko mu kifuko kimoja. Seli inajuaka je, gani irudi na gani ivunjwe?"

Marcelline alicheka, akainua chaki. Maneno yalikuwa tayari yamekaa kwenye ulimi.

"Na usiniambie ni ya mwaka ujao, Madame," Christa aliongeza kwa adabu. "Mwaka ujao sitakuwa hapa."

Klasi nzima ilicheka, halafu ikasubiri. Marcelline alihisi masikio yake yakipata moto. Aliitazama tablo, akaitazama chaki, akaiweka chini.

"Sijue," alisema.

Wanafunzi thelathini na wanne walimkodolea macho kama vile tablo imeanguka.

"Kwa kweli, Christa, sijue. Unipe wiki moja."

Alipotoka pale alitarajia kuona haya njia nzima mpaka nyumbani. Lakini kilichomjia kilikuwa kingine kabisa, wepesi fulani, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana baada ya misa ndefu. Alijikuta akitembea haraka. Alitaka kujua.

Kitabu cha shule kilikuwa na mistari miwili tu juu ya jambo hilo, na yote miwili alikuwa ameshaisema. Jioni, wakila, alimweleza Kasereka, na Kasereka, ambaye kuhusu seli hakujua lolote ila kuhusu wateja wake alijua yote, akasimamisha tonge.

"Kuna muzee mumoja wa Bukavu, anakaa kule Himbi. Binti yake Élodie ananunuaka viazi kwangu. Banasema alifundisha biokimia miaka makumi tatu. Anaitwa Baharanyi. Lakini tangu muke wake alikufa, haongee na mutu. Hata padri, alimufukuza."

"Basi atanifukuza na mimi," Marcelline alisema. "Nitakuwa nimefukuzwa pamoja na padri, siyo mubaya."

Alhamisi alichukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka Himbi, na parachichi nne ndani ya mfuko. Élodie alimfungulia mlango. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, anayefanya kazi ya kutafsiri nyaraka za Kiingereza katika ofisi moja mjini. Alimsindikiza mpaka barzani na kumnong'oneza, "Mama, akiwa mukali usikasirike."

Muzee Baharanyi alikuwa amekaa barzani na redio magotini, amevaa koti la sufu ingawa jua lilikuwa kali.

"Mimi nilishastaafu," alisema kabla hajasalimiwa.

"Minajua, muzee. Siko nakuletea kazi. Niko nakuletea swali ya mutoto."

"Swali gani?"

Marcelline alimweleza. Muzee alisikiliza amefumba macho, kisha akainua kidole, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu aliyezoea kumbi kubwa. "Ni rahisi. Kipokezi kinamezwa, kinaingia endosomi, kinaenda lizosomi…"

"Ile hata mimi nilisema, muzee. Mutoto anauliza, seli inachagua je?"

Kidole kilibaki hewani. Muzee alifumbua macho.

"Iko na miaka ngapi, huyu mutoto?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba," alirudia, na akaizima redio. Alipapasa kifungo cha koti lake. "Mama, nitakuambia ukweli. Masomo yangu yaliishia mulangoni. Tulijua kipokezi kinaingia na hakitoke. Nani anakishika mukono na kukipeleka, wakati ule hatukujua. Batakuwa bameshajua. Élodie! Lete ile telefone yako!"

Élodie alisimama mlangoni na parachichi mkononi, hakusogea. Baadaye alimwambia Marcelline kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika miezi minane baba yake kuomba kitu kisichokuwa chai.

Jumamosi walikutana tena, watatu, kwenye meza ya chakula. Élodie alikuwa amepata makala ndefu ya Kiingereza, akawa anasoma kipande na kukifasiri, huku Marcelline akiandika na muzee akigombana na makala. Kati yao palikuwa na sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, na kurasa za daftari la Marcelline zina madoa ya mafuta mpaka leo.

Jibu lilikuwa hivi. Kipokezi kikishapiga kelele, kuna protini ndani ya seli inayokuja kubandika alama kwenye mkia wake. Alama yenyewe ni protini ndogo sana iitwayo ubikwitini, na ilipewa jina hilo kwa sababu inapatikana kila mahali. Kipokezi cha chuma hakipati alama hiyo. Kinapitia vijia vyembamba na kurudi juu. Chenye alama kinashikwa ndani ya endosomi na kundi la protini, na kundi hilo linakikabidhi kwa kundi la pili, na la pili kwa la tatu, mpaka la mwisho. Hapo ngozi ya endosomi inabonyea tena, kuelekea ndani yake yenyewe na kufanya povu dogo, na kundi la mwisho linaizunguka shingo ya povu hilo na kulikata.

"Kuelekea ndani!" muzee alipiga meza, sambaza wakaruka. "Mama, uliona? Povu ndani ya kifuko!"

"Niliona. Lakini juu ya nini seli ijisumbue vile? Kipokezi si kilishaingia?"

Macho ya muzee yalimetameta. "Sikuambie. Cheza ile kintu na batoto bako. Bataona benyewe."

Jambo moja tu lilimkera muzee. Makala ilisema kwamba kabla povu halijafungwa, ile alama inaondolewa. Élodie aliisoma sentensi hiyo mara tatu.

"Upuuzi," muzee alisema. "Unafunga mutu alama juu apitie mulango fulani, akifika mulangoni unamufungua? Juu ya nini? Hapana. Utakuwa umesoma mubaya."

"Papa, nimesoma muzuri."

"Basi ni bale ba makala njo baliandika mubaya."

Wakaachana hivyo. Marcelline alimkaribisha shuleni Jumanne. Muzee akajibu kwamba hatoki nyumbani, asante, na akaomba chai.

Jumanne saa nne Marcelline aliitoa klasi ya sita uani, kwenye uwanja wa mawe meusi. Wanafunzi kumi na wanane walishikana mikono wakafanya duara kubwa, hiyo ndiyo ngozi ya seli. Sita walisimama katikati kama wafanyakazi wa ndani. Wanne aliwaweka karibu na tangi la maji, akawaambia wao ni lizosomi, kazi yao ni kuchana kila kitakacholetwa. Walifurahi kupita kiasi. Waliobaki wakawa vipokezi na wasaidizi, na kila kipokezi alivalishwa mfuko wa karatasi wa simenti uliotobolewa kwa ajili ya kichwa. Kwa alama alikuwa amekata vipande sita vya kitenge.

Kipokezi cha kwanza alikuwa Gentil, kijana mwenye sauti kubwa kuliko wote, na hiyo ndiyo sababu alichaguliwa. Alisimama kwenye duara uso ukiangalia ndani, mikono nyuma, nje ya seli. Walikuwa tayari kuanza, mara moto ikasimama getini, na mtu aliyevaa koti la sufu na tai nyekundu akashuka polepole.

"Nilikuwa napita tu," alisema Muzee Baharanyi. Kutoka Himbi mpaka Ndosho hakuna mtu anayepita tu. Marcelline alimletea kiti.

Christa aliweka tunda la marakuja kwenye mikono ya Gentil. Hiyo ndiyo habari ya kukua. Gentil alivuta pumzi.

"MUJIGAWE! MUJIGAWE!"

Wafanyakazi wa katikati wakaanza kukimbia huku na huko kujigawa. Christa akamfunga Gentil vipande viwili vya kitenge kwenye mkanda. Duara likabonyea pale alipo, wenzake wa kulia na kushoto wakaingia naye, wakaungana nyuma yake, wakawa duara dogo ndani ya lile kubwa. Endosomi ilikuwa imepatikana. Marakuja ilikuwa katikati ya duara dogo, kwenye mikono ya Gentil. Lakini uso wake ulikuwa bado unawaangalia wafanyakazi wa seli.

"MUJIGAWE! MUJIGAWE!"

"Gentil, nyamaza, ulishaingia!" mmoja alimwambia.

"Sinyamaze! Hakuna mutu alinifunga mudomo! MUJIGAWE!"

Christa alisimama, akamtazama Gentil, akaangalia duara. Akaweka mikono kichwani.

"Madame! Mikono yake njo imefungiwa, mudomo iko inje ya kifuko! Hata ndani ya endosomi anaendelea kuongea na seli!"

"Basi mufanye nini?" Marcelline aliuliza, na alipogeuka alimwona muzee amesogea mpaka ukingoni mwa kiti.

"Tumubonyeze tena! Kuelekea ndani!"

Wakambonyeza. Endosomi ikaingia ndani yake yenyewe pale aliposimama Gentil, wanafunzi watatu wakamzunguka uso kwa uso, shingo ikafungwa, povu likakatika. Sasa Gentil alikuwa anapiga kelele kwenye nyuso za watu watatu, mabega yamebanana, na wafanyakazi wa seli hawakuona hata nywele yake. Wale watatu wakavuta sweta juu ya kichwa chake. "Mujigawe" ikatoka kama mbuzi ndani ya gunia. Wafanyakazi wakasimama. Seli ikatulia. Halafu uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko na vigelegele.

Wakati huo huo Prefe Janvier alitokea mbio ofisini, kalamu sikioni. Alikuwa mtu mwembamba mwenye hofu ya kudumu juu ya maoni ya wazazi.

"Ni nani anapiga kelele watu wajigawe? Mama Marcelline! Batu ba barabarani banasimama! Banasema shule yangu iko na mugomo!"

"Papa Prefe, ni kipokezi, kinapelekwa kuvunjwa."

"Nani anavunjwa?"

"Gentil."

Prefe aliona wale wanne wa tangini wakimpokea Gentil na kumchania mfuko wa simenti vipande vipande kwa furaha kubwa. Hapo hapo Marcelline alimshika Prefe mkono na kumpanga kwenye duara. "Papa, wewe uko kipokezi cha chuma. Utaingia, utaacha chuma, utarudi pahali pako. Hakuna mutu atakugusa." Chuma chenyewe kikawa kufuli la mlango wa ofisi, ambalo Prefe alikuwa ametoka nalo mkononi. Prefe aliingia, akaliacha, akarudi. Alipofika mahali pake pa mwanzo uso wake ulikuwa umelegea, na akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kurudia.

Walirudia. Kipokezi cha pili kilifungwa vipande viwili, kikabonyezwa, kikachanwa. Cha tatu vivyo hivyo. Cha nne kiliposhika marakuja na kuanza kupiga kelele, Christa alinyoosha mkono kwenye mfuko wa alama akakuta ni mtupu.

"Vitambaa viko wapi?"

Kila mtu aligeukia tangi. Wale wanne wa lizosomi walikuwa wamefanya kazi yao bila kubagua. Miguuni mwao palikuwa na karatasi ya simenti, na katikati ya karatasi nyuzi za kitenge zilizochambuliwa moja moja.

"Mulisema tuchane kila kitu," mmoja alijitetea.

Kipokezi cha nne kiliendelea kupiga kelele. Bila alama hakuna aliyejua kwamba kinatakiwa kushikwa, na msaidizi mmoja alikuwa tayari anakirudisha juu pamoja na Prefe. Wafanyakazi walikuwa wanajigawa ovyo, wengine wameanguka.

Kiti kikaanguka pia. Muzee Baharanyi alikuwa amesimama.

"Njo maana!" alipaza sauti. "Njo maana banaitoa mulangoni! Bakiiacha ndani, inavunjwa na yenyewe, na kesho seli haina alama ya kufunga kipokezi kingine! Inaihifadhi! Inaitumia tena! Ah, Élodie alisoma muzuri, yule mutoto!"

Alikuwa katikati ya seli sasa, tai imekwenda upande, anamweleza Christa kwa mikono yote miwili, na Christa anamkatiza na kumuuliza nani basi anayeiondoa, na yeye anajibu, "Kuna protini ingine, kazi yake ni ile tu, kufungua." Kengele ililia. Hakuna aliyeondoka, hata Prefe, aliyekuwa analitafuta kufuli lake.

Tangu siku hiyo Muzee Baharanyi huja kila Ijumaa, na bado husema anapita tu. Koti la sufu ameliacha nyumbani. Yeye na Marcelline hubishana mbele ya wanafunzi, jambo ambalo mwanzoni liliwatisha na sasa wanalingojea. Kwenye pembe ya tablo Marcelline ametenga nafasi, ameandika juu yake *Sijue*, na chini yake mwanafunzi yeyote anaweza kuandika swali ambalo mwalimu ameshindwa. Jibu likipatikana, aliyelileta ndiye anayefuta swali.

Mtihani wa serikali ulipokuja, haukuuliza neno juu ya endosomi. Uliuliza juu ya jani la muhogo. Gentil alilalamika wiki nzima. Wengi walifaulu, Christa kwa alama nzuri, na sasa yuko Bukavu anasoma biolojia, katika chumba chenye darubini kumi na mbili, zote zinafanya kazi. Jumapili iliyopita alimpigia Marcelline simu, ikamkuta mwalimu wake sokoni Birere, kelele pande zote.

"Madame, profesa alituuliza swali, mimi njo nilijibu peke yangu!"

"Ulimujibu nini?"

"Nilimuambia sijue. Benzangu bote balinyamaza. Akafurahi, akanipa kitabu."

Marcelline alicheka kwa sauti ile ile ya kupenya mbao, mpaka mama muuza sombe, majani ya muhogo, akageuka kumtazama, naye akamwambia akiwa bado na simu sikioni, "Ni mutoto wangu, ana kitabu kipya," na akaendelea kuchagua nyanya.